Siku Benki Ilipofungwa

Je, umewahi kumtazama mtu anapopimwa nguo? Siku moja mtazame vizuri. Futi ikimgusa kiunoni tu, anavuta tumbo ndani, anabana pumzi, anataka kuwa mwembamba kama sindano. Basi gauni likishashonwa, halimwingii.

Msichana mmoja aliyajua hayo kwa sababu alilelewa na mama yake mkubwa, fundi cherehani. Kila akitoka shule alifagia vipande vya vitambaa, akaokota pini kwa sumaku, akashona vifungo. Mama yake mzazi alifanya kazi za ndani katika mji wa mbali. Kila mwisho wa mwezi alipiga simu na kutuma hela, na kidogo katika hiyo ilikuwa ya msichana mwenyewe.

Hiyo kidogo aliinunulia biskuti, akawagawia wenzake wakati wa mapumziko. Wakamwita Benki. Naye alilipenda jina hilo, maana kabla ya biskuti hakuna aliyemwita kwa jina lolote.

Mwezi ule simu haikulia, na hela haikuja.

"Benki, leo vipi?" aliuliza jirani yake wa dawati.

"Leo sina."

"Haya jamani, benki imefungwa. Turudi kesho."

Wakacheka, wakaenda kuruka kamba. Yeye akabaki bombani, akijifanya ananawa mikono. Alinawa mpaka kengele ikalia. Kesho yake akanawa tena, na keshokutwa.

Ndipo asubuhi moja, Mama Mkubwa akiwa anaoga, alifungua mkebe wa vifungo, ambamo hela za wateja zilifichwa, akachomoa noti. Mapumziko yalipofika biskuti zikatoka, na watu wakarudi. Wakamzunguka kama zamani. Lakini safari hii aliwatazama. Macho yote yalikuwa mikononi mwake. Hakuna hata mmoja aliyemtazama usoni. Pakiti ilipokwisha, akajikuta bombani tena, na mikono wala haikuwa michafu.

Jioni alimkuta Mama Mkubwa akimpima mwenye duka la unga.

"Shoga, gauni lile ulinibania," mteja alilalamika.

"Ulijibana mwenyewe. Hebu niambie, yule mbuzi wako aliyekula pazia anaendeleaje?"

Mteja akaanza kusimulia habari za mbuzi, tumbo likashuka mahali pake, na Mama Mkubwa akapima upesi upesi.

Mteja alipoondoka, Mama Mkubwa akasema, "Njoo na wewe, sketi yako ya shule imekuwa fupi."

Msichana akasimama wima, akabana pumzi.

"Mbona siku hizi unarudi umenyong'onyea? Wenzako hawajambo?"

Alitaka kujibu hawajambo. Badala yake pumzi ilimtoka, na maneno yakafuata: biskuti, bomba, mkebe. "Nilichukua noti, Mama Mkubwa. Niliona bila biskuti hawanitaki."

Mama Mkubwa aliikunja futi taratibu.

"Noti utairudisha kwa kazi. Jumamosi utashona wewe vifungo vya sare zote za wateja, na mkebe usiuguse tena. Sasa nisikilize. Hela haimgeuzi mtu, inamwonyesha. Imeonyesha kwamba wenzako wanapenda biskuti, na nani asiyezipenda? Wewe nawe imeonyesha unachokiamini: kwamba ukiwa mikono mitupu, hufai. Kesho nenda mikono mitupu hivyo hivyo, uombe zamu kwenye kamba. Umewahi kuiomba?"

"Sijawahi."

"Basi utajuaje kama wangekunyima? Na unajua kwa nini mama yako hajapiga simu?"

"Amenikasirikia?"

"Kazi yake imesimama. Nilimpigia jana, akaniambia, 'Dada, nitaongea na mtoto nikipata cha kumtumia.' Mmefanana kama shilingi kwa ya pili. Wote wawili mnabana pumzi."

Msichana aliviringisha uzi kidoleni. Kisha akaomba simu. Iliita kwa muda mrefu kabla ya kupokelewa.

"Mwanangu," sauti ya mama yake ilisema kwa haraka, "vumilia kidogo tu, nikipata chochote nitaku..."

"Mama, biskuti sizitaki." Sauti ilimtetemeka, lakini hakuibana. "Nilitaka unipigie. Hata ukiwa huna kitu, nipigie tu."