Upande wa Chini wa Bawa

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Cherehani aliosha brashi za mama yake. Alizichovya kwenye kopo la mafuta ya taa, akazikamua kwa kitambaa, akazipanga dirishani kuanzia nene hadi nyembamba. Mikono ilifanya kazi hiyo, na miguu chini ya meza ilifanya yake: ikipanda na kushuka, ikipanda na kushuka, kama ya fundi nguo mwenye haraka. Ndiyo maana akaitwa Cherehani, na jina hilo lilimfuata mpaka shuleni.

"Tuliza miguu, binti yangu," mama alisema bila kugeuka. "Meza ikitikisika, herufi zangu zinalewa."

Mama alikuwa mchora mabango. Alikuwa ameandika ubao wa kinyozi na wa fundi baiskeli, na majuzi tu alikuwa amepaka mlango wa duka la dawa buluu kali inayoonekana toka mbali. Sasa alipata kazi kubwa kuliko hizo zote: bango la kwenye lango la njia ya mlimani. Walinzi wa mlima walitaka wapita njia wamjue kipepeo anayeishi juu kwenye mawe, ili wasikanyage nyasi anazotagia mayai. Picha ya kipepeo huyo ingechaguliwa shuleni, na mwanafunzi atakayeshinda angeipaka kwenye bango kwa mkono wake.

Cherehani aliitaka nafasi ile mpaka akakosa usingizi. Miaka yote aliruhusiwa kuosha brashi tu. Kwenye bango la mama hakuwahi kuweka hata nukta.

"Mchore pande zote mbili za bawa," mwalimu wa sayansi aliwaambia darasani. "Upande wa juu, akiwa ameyafungua mabawa. Na upande wa chini, ule unaoonekana akiyafunga. Nataka mlichokiona kwa macho yenu. Mkinichorea ndoto zenu, nitajua."

Jumamosi Cherehani alipanda mlimani na Kobe, mtoto wa jirani, ambaye angeweza kumaliza kipindi kizima akichonga penseli moja. Upepo ulikuwa mkali. Mawingu yalipita mbio, jua likawa linachungulia na kujificha, linachungulia na kujificha. Walilala kifudifudi nyuma ya jiwe, wakasubiri.

Jua lilipotoka, kipepeo akatua. Alifungua mabawa yake kabisa, kama mtu anayeota moto. Yalikuwa ya kahawia iliyokolea, karibu nyeusi, na mkanda wa rangi ya chungwa ukikatiza bawa la mbele. Ndani ya mkanda huo kulikuwa na madoa mawili meusi yaliyogusana, kila doa na kitone cheupe katikati. Ungedhani ni macho mawili yanakutazama. Kwenye bawa la nyuma yalijipanga madoa mengine madogo, nayo yana vitone.

"Mzuri jamani!" Cherehani alinong'ona, penseli ikikimbia.

Wingu likafunika jua. Kipepeo alianza kuyainua mabawa ayafunge. Wakati huohuo mguu wa Cherehani ukaanza kucheza, kokoto likaporomoka, na kipepeo akachukuliwa na upepo.

"Miguu yako hiyo!" Kobe alifoka.

"Atarudi."

Hakurudi. Baridi iliingia mifupani. Cherehani alisimama, akakaa, akasimama tena, akahesabu mawe, akapuliza vidole.

"Mimi naondoka," alisema mwishowe. "Upande wa chini utakuwa kama wa juu tu."

"Umeuona?"

"Nimeona nusu yake! Baki hapa uote mizizi."

Nyumbani alichora upande wa juu vizuri sana, kila doa mahali pake. Kisha akafika upande wa chini, penseli ikasimama. Alichora bawa la kahawia. Likamchosha macho. Pembeni kulikuwa na kopo lililobaki na rangi kidogo, buluu kali. Akachovya brashi, akapaka jicho kubwa katikati ya bawa. Karatasi nzima ikaamka. Moyo wake ulipiga haraka, naye akajiambia kwamba hiyo ni furaha.

Jumatatu michoro ilibandikwa ukutani. Mbele ya mchoro wa Cherehani wanafunzi walisukumana. Mbele ya mchoro wa Kobe walicheka, kwa kuwa upande wa chini wa bawa aliuacha mweupe.

"Kobe, karatasi iliishia njiani?" mmoja alimtania.

"Sikuuona," Kobe alijibu. "Ukungu ulishuka."

Mwalimu aliinamia jicho la buluu. "Hili umeliona mwenyewe, Cherehani?"

Darasa zima lilikuwa linamtazama. "Ndiyo, mwalimu."

"Basi bango ni lako."

Walimpigia makofi, Kobe naye akapiga, taratibu, huku akimtazama usoni. Cherehani aliangalia pembeni.

Tangu saa hiyo hakutulia popote. Chakula alikichokoachokoa. Kitandani aligeuka huku na huku mpaka shuka ikamzonga kama kamba. Aliporudi kutoka shule siku iliyofuata, alikuta bango limeegemezwa ukutani, limepakwa rangi ya msingi, herufi za mama zimekauka. Nafasi ya kipepeo ilikuwa wazi, nyeupe, inamsubiri.

Mama aliushika mchoro, akausogeza dirishani, akausogeza karibu na pua.

"Buluu hii naijua," alisema.

Cherehani akaanza kuzipanga upya brashi za dirishani.

"Niliichanganya mwenyewe kwa ajili ya mlango wa duka la dawa. Sasa nashangaa kipepeo wa mlimani aliipata wapi. Alikwenda kununua dawa ya kikohozi?"

Siku nyingine Cherehani angecheka. Miguu yake ilianza kupiga sakafu.

"Nikiandika kwenye ubao kwamba mbele kuna shimo," mama aliendelea kwa sauti ileile ya chini, "watu wanapita kando. Hawaniulizi kama nimeliona. Wananiamini, na ndiyo kazi yangu." Akamkabidhi brashi nyembamba, ile ambayo Cherehani aliiosha kila asubuhi bila kuitumia. "Haya. Nafasi yako hiyo."

Cherehani aliishika. Alikuwa ameisubiri brashi hiyo tangu utotoni. Aliipeleka mpaka karibu na weupe wa bango, kisha akairudisha mezani.

"Sikuuona, mama," alisema, machozi yakimtoka. "Sikuweza kusubiri. Nilibuni."

Mama alimpangusa uso kwa kona ya aproni yake, ambayo ilimwachia rangi shavuni. "Umeniambia mimi. Mimi siye niliyekuuliza."

Kesho yake Cherehani alisimama mbele ya darasa akasema yote, hata utani wa mama wa dawa ya kikohozi. Kuna waliozomea. Mwalimu aliubandua mchoro wake ukutani bila kukaripia.

"Bango halina mwenyewe tena," mwalimu alisema. "Ni la atakayeleta pande zote mbili."

Wakitoka nje, Kobe alimngoja getini. "Mimi napanda tena Jumamosi. Unakuja?"

"Mimi? Si nitakufukuzia kipepeo tena?"

"Utaikalia miguu yako."

Na kweli aliikalia. Alipiga magoti nyuma ya jiwe, akaketi juu ya visigino, mpaka miguu ikafa ganzi. Mawingu yalipita. Upepo ulimpiga masikioni. Kila kitu mwilini mwake kilitaka kuruka, kukimbia, kupiga kelele. Alibana meno akabaki.

Jua likatoka. Kipepeo akatua kwenye jiwe lililokuwa mbele yao, akafungua mabawa: mkanda wa chungwa, macho mawili. Wingu likaja. Kipepeo akayafunga mabawa. Akatoweka.

"Amekwenda wapi?" Cherehani alinong'ona.

"Hajaenda. Tazama."

Alitazama jiwe mpaka macho yakamwasha. Kidogokidogo, kwenye madoa ya kijivu na kahawia, likajitokeza umbo la bawa. Lilikuwa la kijivu lililochanganyika na kahawia, lenye michirizi midogo kama nyufa, na mstari mmoja mweupe uliofifia kama chaki iliyofutwa. Macho yale mawili meusi yalikuwa yamefichwa ndani. Kipepeo alikuwa amejivika jiwe.

"Angekuwa na buluu yangu," Cherehani alisema polepole, "ndege wangemwona toka mbali. Wangemla."

"Wangemla pamoja na dawa yake ya kikohozi," Kobe alisema, na wote wawili wakaziba midomo wasicheke kwa sauti.

Kobe aliujaza ule upande alioacha mweupe, mwalimu akampa bango, na Cherehani aliona ni haki. Lakini Kobe alipoishika brashi nyumbani kwa kina Cherehani, tone zito la rangi lilianguka kwenye herufi ya kwanza ya mama. Mama alilifuta, akashusha pumzi.

"Samahani, mama," Kobe alisema kwa aibu. "Naomba apake Cherehani. Mimi nitakaa hapa nimchunge asije akaongeza chochote."

Mama alicheka, kisha akamgeukia binti yake. "Umesikia? Mkono wako ni mwepesi, mwanangu, na hicho ni kipaji ulichozaliwa nacho. Ila uvumilivu na ukweli utavitafuta mwenyewe kila siku. Usichokiona, acha mahali pake peupe, kama alivyofanya mwenzako. Hakuna aibu katika weupe ule."

Cherehani alipaka bawa lililofunguliwa, kisha lile lililofungwa, la rangi ya jiwe. Kobe alikuwa akisema, "Mstari umezidi," naye akiufuta.

Siku bango lilipopigiliwa misumari langoni, mtu wa kwanza kupita alikuwa mzee mwenye mkongojo. Aliitazama picha ya rangi ya chungwa, akaitazama ile ya kijivu. Kisha akayatazama mawe yaliyo kando ya njia, akapunguza mwendo, akawa anaweka mguu kwa uangalifu, nyasi zisiguswe.

Cherehani alimtazama mpaka akapotea kwenye kona. Miguu yake ilikuwa imetulia.