Nta Mbichi

Haya yalimpata rafiki yangu Wakhungu, aliyeendesha mashine ya kung'arisha sakafu katika hoteli moja Kitale, miaka ya hamsini. Sheria aliijua: waya begani, anzia ukuta wa mbali, rudi nyuma hadi mlangoni. Siku hiyo, kwa haraka, alianzia mlangoni, akajifungia pembeni, nta mbichi imemzingira.

Mapazia yalikuwa yamefungwa. Mvua ikapiga, stima ikapotea, mashine ikanyamaza. Gizani akasikia miguu mitupu ikinata kwenye nta, ikimjia. Akadhani ni Wilkista, mfuaji wa mashuka.

“Wilkista, si usikanyage, bana!”

Miguu ikazidi kuja. Akabana mgongo ukutani, asibanduke.

Stima iliporudi, sakafu haikuwa na alama hata moja. Nta ilipokauka akatoka, akampita Wilkista kwenye baraza.

“Wakhungu,” akamwita, “ati ni nani amekushika mgongo kwa mkono wenye nta?”