Kisima cha Stesheni ya Kubri Asal

Saa sita mchana Ihsan, mtangazaji wa stesheni, alisikia sauti yake mwenyewe ikitangaza kwenye vipaza sauti, na yeye ametulia akitafuna mkate na maharage, maikrofoni imezimwa.

"Bi Tahani, teremka. Treni yako imefika."

Tahani ni mama yake. Alikuwa amemletea chakula na ndiyo kwanza ameteremka kwenye njia ya chini inayounganisha reli ya zamani na metro, arudi nyumbani Shubra. Ihsan alikimbia. Njia ilijaa watu, lakini ilikuwa baridi, ikinuka makaa ya mawe yaliyolowa, harufu ambayo Kairo ilikwisha kuisahau kabla hajazaliwa. Mama hakuwa upande huu wala ule. Mlinzi wa lango la metro aliapa kwamba hakupita.

Dawlat, mama muuza chai wa langoni, alipoambiwa aliweka birika chini. Babu yake ndiye aliyechimba kisima cha kunywesha injini za moshi, na jini mwenye kisima alitoa maji kwa sharti moja tu, aachiwe mlango. Metro ilipojengwa kisima kilifunikwa kwa zege, likabaki tundu sakafuni, na Dawlat akawa analimwagia maji kila Ijumaa. Wiki iliyopita mafundi wa marumaru waliliziba.

"Sasa anatokea kwa sauti za watu, mwanangu," alinong'ona. "Utakachosikia kule chini, usiitikie. Hata kukohoa, usikohoe."

Waliteremka na nyundo. Dawlat alivunja marumaru moja, akamimina maji, akamwambia jini kwa upole kwamba mlango wake ni huo, awarudishie mtu wao. Taa zikafifia, abiria wakaharakisha bila kujua wanakimbia nini, na chini ya sakafu zikasikika hatua, za mtu mmoja, kisha za wengi, zikipanda ngazi ambayo haikuwapo, zikikaribia hadi Ihsan akahisi nyayo zikigonga chini ya nyayo zake, akauma ushungi wake, akashika mkono wa Dawlat, na bado sauti ikapenya, sauti ya mama yake aliyechoka.

"Ihsan, nivute. Magoti yananiuma."

"Naam, mama," akasema.

Dawlat alifumba macho.

Hatua zikakoma. Tahani alikuwa amesimama karibu na lango la metro, amelowa hadi kiunoni, anatabasamu. Ihsan alimkumbatia akilia. Dawlat hakumsogelea, alipanda ngazi kinyumenyume, na kesho yake hakuja kuuza chai.

Jioni ile Ihsan alimbadilisha mama yake nguo, akamlaza, akaweka sikio kifuani pake. Hakusikia moyo. Alisikia watu wengi, mbali sana, wakisukumana na kuulizana treni itafika lini.

 Kisha akamvutia shuka hadi mabegani, akamuuliza angependa kula nini.