Namba za Ubavuni

"Usimpoteze, Shangazi."

Sauti ya Mkubwa ilikuwa sikioni mwake, kavu, ya mtu aliyekaa chini ya kiyoyozi.

Shangazi hakujibu. Mtu anayekimbia akiwa na miaka hamsini na minne na goti bovu hana pumzi ya kugawia wengine.

Mtu wa koti la kahawia alikuwa hatua ishirini mbele yake, akikata katikati ya maduka ya mabati na mabomba, akisukuma watu ovyo. Akapindua toroli la saruji njiani. Shangazi akaliruka. Goti likalalamika. Akaendelea.

Hatua kumi.

Tano.

Akaudaka ukosi wa koti.

Yule mtu akatupa mikono nyuma, akachomoka ndani ya koti lake kama ndizi kwenye ganda, akadandia pikipiki iliyokuwa ikimngoja na injini inaunguruma. Moshi. Kona. Kwisha.

Shangazi akabaki na koti mkononi.

"Vipi?" Mkubwa akauliza.

"Nguo ninayo. Mwenye nguo sina."

Wiki tatu nzima walikuwa wakimfuata. Alikuwa mjumbe wa genge lililoingiza silaha kwa meli, na kesi ya genge hilo ilikuwa na shahidi mmoja tu, nahodha aliyewahi kuziendesha meli hizo. Leo saa nane mchana nahodha angepakiwa kwenye gari lisilopenywa na risasi na kupelekwa uwanja wa ndege, kilomita tisini za barabara kuu. Kesho angesimama mahakamani. Hapo katikati genge lilikuwa na nafasi moja, na kila mtu Ofisini alijua watajaribu. Ila hakuna aliyejua watajaribu vipi.

Mfuko wa ndani wa koti ulikuwa na kikaratasi. Shangazi akakisoma polepole kwenye redio yake ya Motorola.

"Mia moja na nne S kwa mia moja na kumi na sita. Nne. Elfu moja mia moja na kumi na nne ndani."

"Rudia."

Akarudia. Mkubwa akawapa vijana wa chumba cha mafumbo. Baada ya robo saa wakaja na jibu: huenda 104S ni nyuzi 104 kusini mwa ikweta, mahali fulani baharini.

"Waambie dunia inaishia tisini," Shangazi akasema, akazima redio.

Alikuwa amechoka. Si uchovu wa leo tu. Huu ulikuwa umemwingia mifupani tangu miaka ile aliyokuwa akilala kwenye paa za maghala akihesabu malori ya watu wengine. Goti lilikuwa limevimba kama limeumwa na nyuki. Akatafuta pa kukaa, akakosa, akajibwaga juu ya tofali kando ya barabara, mgongo ukutani.

Mtu mzima aliyesimama haoni anachokiona mtu aliyekaa chini. Mbele yake, usawa wa macho kabisa, palikuwa na gurudumu la gari dogo la mizigo lililoegeshwa. Ubavu wa tairi ulijaa maandishi, na Shangazi, ambaye alikuwa amepanda magari maisha yake yote, aligundua kwamba hajawahi kuyasoma hata siku moja.

225/75R16. Halafu nafasi ndogo. Halafu 116.

Akasogeza uso. Mbele kidogo, ndani ya kiduara kilichobanwa kama yai, kulikuwa na tarakimu nne.

Akainuka kwa kushika ukuta.

Alimjua mtu mmoja tu wa kumsomea mambo hayo. Ndiye mtu ambaye yeye mwenyewe amekuwa akimkwepa kwa miaka sita.

*

Shemeji yake, mdogo wa marehemu mume wake, alikuwa na duka la matairi mwisho wa mji, pale barabara kuu inapoanza kunyooka. Matairi yalipangwa mpaka darini. Kompresa ilikuwa inakoroma pembeni. Yeye mwenyewe alikuwa ameinama juu ya rimu, mgongo kwa mlango.

"Karibu, nakuja," akasema. Kisha akageuka. "Ala. Mkaguzi wa mizani."

Ndivyo familia ilivyoambiwa: Shangazi anakagua mizani, na mara kwa mara anasafiri kwenda semina.

"Shikamoo haipo baina yetu, shemeji," akaongeza, "lakini hata hodi?"

"Hodi. Nisaidie kusoma kitu."

"Miaka sita." Akafuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja. "Tunamfukia kaka, watu wanauliza mjane yuko wapi. Mimi nawajibu, yuko semina. Semina gani hiyo isiyo na mlango wa kutokea?"

Shangazi akafungua mkoba wake. Akamnyooshea kikaratasi.

"Nitukane baadaye. Kuna watu watakufa."

Shemeji akamtazama usoni kwa muda. Kisha akatazama karatasi. Nyusi zikapanda.

"Nani kaandika upuuzi huu?"

"Unaelewa?"

"Hii lugha ndiyo inanilisha." Akavuta tairi jipya, akalisimamisha kati yao, akaweka kidole ubavuni. "Tazama. Mia mbili ishirini na tano ni upana, kwa milimita. Sabini na tano ni kimo cha ubavu huu, asilimia sabini na tano ya upana. R ni jinsi nyuzi za ndani zilivyolazwa. Kumi na sita ni rimu, kwa inchi. Hayo kila fundi anayaangalia, kwa sababu yasipooana tairi haliingii. Lakini linalofuata wengi hawalijui, na ndilo linaloua."

Kidole kikasogea. 116.

"Mzigo. Si kilo mia moja na kumi na sita, ni namba ya kwenye jedwali. Mia na kumi na sita maana yake tairi moja linabeba kilo elfu moja mia mbili na hamsini. Mia na nne? Kilo mia tisa. Kwa macho ni saizi ileile, linaingia rimu ileile. Nguvu mbingu na ardhi. Herufi ya mwisho ni mwendo: S ni kilomita mia na themanini kwa saa, tena kama hujazidisha mzigo."

"104S kwa 116. Nne," Shangazi akasema taratibu. "Wamebadilisha."

"Yote manne. Gari lenyewe lina uzito gani?"

"Tani nne na nusu. Lina chuma kila upande."

Shemeji akapiga mluzi. "Matairi manne ya mia tisa yanabeba tani tatu na kilo mia sita. Hapo yamezidiwa kilo mia tisa. Ni kama kumpa punda mmoja mzigo wa..." Akaacha. "Na hii 1114 ni tarehe ya kuzaliwa. Wiki ya kumi na moja, mwaka elfu mbili na kumi na nne. Mpira wa umri huo umeshakauka kama ukoko. Unaupaka rangi, unang'aa kama kiatu cha harusi. Tarehe huwa upande mmoja tu wa tairi. Ukitaka isionekane, unaligeuza. Namba inakaa ndani."

"Litapasuka?"

"Likienda polepole, huenda likafika. Kwa mbio, jua hili la mchana, lami hii? Dakika kumi. Ishirini ukiwa na bahati. Na polisi watasema bahati mbaya, tairi limepasuka."

Saa ukutani ilisema nane na dakika tano.

Shangazi akawasha redio. "Mkubwa, gari limetoka?"

"Limetoka saa nane kamili."

"Lirudishe. Matairi yamechezewa."

"Una ushahidi?"

"Nina fundi."

"Gari halisimami, Shangazi. Likisimama barabarani, ndipo wanapolitaka. Amri ni mwendo, hakuna kusimama."

"Amri hiyo ndiyo silaha yao."

Shangazi akamsikia Mkubwa akifoka na mtu pembeni. Aliporudi, sauti ilikuwa imeshuka.

"Fundi wa gereji yetu aliomba ruhusa saa tano. Hajulikani alipo."

Kikulacho ki nguoni mwako. Shangazi alikuwa amechoka kushangazwa na hilo.

"Niunganishe na dereva," akasema. Akamgeukia Shemeji. "Una manne ya mia na kumi na sita, yaliyo tayari kwenye rimu?"

Shemeji alikuwa tayari anayatupia nyuma ya Hilux yake, pamoja na jeki.

*

Dereva wa gari la nahodha aliitwa Taratibu. Ilikuwa kejeli, kwa sababu tangu aajiriwe hakuna aliyewahi kumwona akienda hivyo.

"Taratibu, ni Shangazi. Uko ngapi?"

"Mia na arobaini. Niko kilomita ya ishirini na tano." Upepo ulikuwa unanguruma nyuma ya sauti yake.

"Matairi uliyakagua?"

"Mapya, Shangazi. Yanang'aa."

Shemeji, usukani mkono mmoja, Hilux ikitetemeka kwa kasi isiyoizoea, akamnyang'anya redio. "Ndugu yangu, tarehe uliiona?"

"Huyo nani?"

"Mjibu," Shangazi akasema.

"Niliitafuta. Sikuiona."

"Iko kwa ndani. Usukani unatetemeka?"

"Tangu kilomita ya kumi na tano. Nilidhani ni barabara. Na kuna harufu, kama ya kandambili zilizoungua."

"Usikanyage breki! Ondoa mguu tu. Liache lishuke lenyewe. Mia. Themanini. Shika usukani kwa mikono miwili, usigeuze ghafla."

"Amri yangu ni kutopunguza mwendo."

"Taratibu," Mkubwa akaingilia, "nenda taratibu."

Hakuna aliyecheka.

Shangazi alikuwa akitazama mbele. Mita mia tatu kutoka kwao kulikuwa na gari la wagonjwa, jeupe, likienda kwa mwendo wa kati. Taa zimezimwa. King'ora kimya. Halikuwa likimpeleka mtu wala kumfuata mtu. Lilikuwa likingoja.

"Sitini," Taratibu akasema redioni. "Hamsini na tano. Nadhani tume—"

Mlio. Hata redioni ulikuwa kama ubao uliovunjwa kwa goti.

Kisha kukwaruza kwa chuma. Mtu akapiga kelele. Kisha hakuna kitu.

"Taratibu."

Kimya.

"Taratibu!"

"Tuko hai." Alikuwa akihema. "La nyuma kushoto limekwenda. Tuko pembeni ya barabara. Nahodha kagonga kichwa, lakini anatukana, kwa hiyo mzima."

Na hapo, mbele ya macho ya Shangazi, gari la wagonjwa likawasha taa. King'ora kikalia. Likachomoka.

"Nani kaliita?" Shemeji akauliza.

"Hakuna," Shangazi akasema. "Kanyaga."

*

Gari la wagonjwa walilikuta limeshafika. Wanaume wawili wenye makoti meupe walikuwa wanashusha machela, haraka haraka, nyuso za huruma. Walinzi wawili wa nahodha walikuwa wamesimama na bunduki chini, wamechanganyikiwa. Mlinzi hufundishwa kutazama bunduki. Hafundishwi kumtilia shaka daktari.

Shangazi alishuka Hilux kabla haijasimama sawasawa. Goti likamwambia maneno yake. Akachechemea, mkoba begani, kama mama yeyote aliyesimama barabarani kuona ajali.

"Jamani, poleni! Kuna aliyeumia?"

"Rudi nyuma, mama," yule wa kwanza akasema bila kumtazama.

Wa pili alimtazama.

Hakuwa na koti la kahawia tena, lakini macho yalikuwa yaleyale. Mkono wake ukaenda chini ya shuka la machela.

Glock ya Shangazi ilikuwa imeshatoka mkobani.

"Usiniongezee kazi," akasema. "Leo nimeshakimbia."

Alisema kwa upole kabisa, sauti ya mtu anayeomba apishwe kwenye ngazi. Labda ni upole huo. Yule mtu akatazama mdomo wa bastola, ambao haukutikisika, akatazama bunduki mbili zilizokwisha kuinuka nyuma yake. Akaachia shuka. Kitu kizito kikaanguka kwenye lami. Bastola yenye kizuia sauti. Pembeni yake, juu ya machela, bomba la sindano lililokwisha kujazwa.

Walinzi wakawalaza chini wote wawili, wakawafunga.

Shemeji hakusubiri kuambiwa. Alikuwa tayari chini ya gari na jeki. Akafungua nati, akalitoa tairi la mbele, akaligeuza juani. Ndani ya kiduara: 1114.

"Hata pete ya ndani wameitoa," akasema akichungulia lile lililopasuka, "ile inayolibeba gari tairi likiisha upepo." Akalitazama tairi kwa chuki ya fundi. "Kazi safi. Mikono michafu."

Dakika ishirini na tano, matairi manne. Taratibu akayasoma moja moja, kidole ubavuni, midomo ikitembea kama mwanafunzi. 116. 116. 116. 116. Tarehe zote nje. Nahodha, kitambaa kichwani, akampa Shemeji mkono kupitia dirishani, halafu gari likaondoka.

"Shangazi," Mkubwa akasema sikioni. "Fundi wa gereji tumemkuta stendi, tiketi mkononi. Rudi uandike ripoti."

"Nimesikia."

Shemeji alikuwa anafuta mikono. Alitazama magari ya polisi yakija kwa mbali, akatazama mkoba wa Shangazi.

"Mizani," akasema.

"Mizani."

"Kaka alijua?"

"Nilimwambia kabla hajaleta posa. Nikamwambia ipo siku atanihitaji nami sitakuwepo. Akasema basi atajitahidi asinihitaji." Akatazama lami. "Alipougua alikataza wasinitafute. Barua yake niliikuta mezani niliporudi, yeye keshazikwa."

Shemeji akakikunja kitambaa, akakitia mfukoni. Kisha akasema, "Mama bado anakulaumu kwa kila mtu. Njoo Jumapili. Sitamwambia kitu. Nitakaa tu karibu yako."

"Goti likiniruhusu."

"Nitakuja kukuchukua."

Akapanda Hilux, akageuza. Shangazi alikataa lifti. Kilomita moja mbele palionekana kituo cha mafuta, na ukuta wake ulikuwa na kivuli cha kukaa peke yake kabla ya ripoti yoyote.

"Shangazi, unanisikia? Ripoti naitaka leo."

Akachomoa kifaa sikioni, akakitia mkobani, akaanza kutembea kwa miguu, polepole, upande wa kulia wa barabara.