Sateni Nyekundu ya Umuhire

Asubuhi ile serikali ilipotangaza kwamba volkeno bado ina hasira na kwamba watu wa Murara, Mapendo na mitaa ya jirani watoke mara moja, nusu ya mji wa Goma ilishika njia ya Sake, na kila mtu akabeba alichokipenda kuliko vyote. Siri za nyumba zikatoka hadharani. Baba mmoja alibeba redio akamsahau mama mkwe wake. Mama mwingine alibeba godoro, sufuria na jogoo aliyewatazama wakimbizi wenzake kwa dharau ya mkaguzi wa shule.

Pale Ndosho, tshukudu iliyojaa viazi, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, ilivunjika gurudumu katikati ya barabara, na umati wote ukasimama. Henri, kijana mrefu wa Murara, hakusimama upesi vya kutosha. Mzigo wake uligonga mzigo wa msichana aliyekuwa mbele, chuma kwa chuma, ngaa!

Msichana akageuka polepole, maana kichwani alikuwa na cherehani. Alikuwa amevaa magauni matatu, moja juu ya jingine, na la nje lilikuwa la kijani lenye mabega yaliyosimama kama masikio ya popo.

"We kaka, umebeba nini?"

"Ordinateri," Henri akasema. Kisanduku cha kompyuta kilikuwa mgongoni, skrini kifuani, nyaya shingoni.

"Volkeno inatufukuza, weye unabeba ordinateri! Godoro yako iko wapi?"

"Godoro haina michezo. Na weye, magauni yote hayo, unaenda harusi tatu?"

"Ni ya wateja. Nikiyavaa, mikono inabaki huru." Akamtazama juu mpaka chini. "Weye mutu wa Butembo, bila shaka. Nyinyi hata mukikimbia, munakimbia na stoki."

Henri alikuwa mtu wa Butembo kweli, mji wa wafanyabiashara. Mvua ikamsaidia kwa kuanza kunyesha. Msichana akatoa mfukoni kitambaa cha sateni, chekundu, kinachong'aa kama bendera ya sherehe, akakitupa juu ya mgongo wa Henri na kukifunga vizuri.

"Ikilowa inakufa, si ndiyo?"

"Inakufa. Na mashini yako?"

"Yangu ya chuma. Imeshazoea mvua kuliko weye. Naitwa Umuhire."

Hivyo ndivyo watu wawili pekee waliokimbia bila godoro walivyofika Sake pamoja, wakalala kwenye sakafu ya darasa, kila mmoja upande wake na akina mama wengi wasiowajua katikati. Volkeno ilipotulia na watu wakarudi mjini, sateni ilirudi kwa mwenyewe, lakini moyo wa Henri haukurudi.

Mapenzi yao yalikua kwa simu, kama yalivyo mapenzi ya vijana wote wenye vocha.

"Sheri, umekula?"

"Nimekula. Weye?"

"Nimekuwaza."

"Kuwaza hakushibishi, Henri. Kula."

Mwaka uliofuata mambo yalikomaa. Papa Paul, baba mdogo wa Henri, aliteremka kutoka Butembo na koti lake la kaki na kofia yake, ili akajitambulishe kwa Mama Donatille, mama yake Umuhire, na kuomba mchumba kwa heshima. Nyuma yake waasi wakafunga njia ya Rutshuru. Muzee hakuweza tena kurudi kwake, akabaki kwenye kitanda cha Henri, na Henri akahamia kwenye mkeka. Siku ya kwenda Mapendo, kwao Umuhire, ikapangwa: Jumapili. Mama Donatille alikuwa na shaka moja tu.

"Kijana anayecheza na mashini," alimwambia binti yake, "atacheza na weye pia. Aje, nimuone."

Jumamosi, siku moja kabla, ingekuwa fainali ya michezo katika chumba cha Luc, rafiki yake Henri, pale Murara. Wakati bunduki za kweli zilikuwa zikiunguruma huko milimani na watu wazima wakisikiliza redio nyuso zimekunjamana, vijana wa Murara walikuwa wakikusanyika kwa Luc kila jioni kuua mazimwi ya kwenye skrini, ambayo angalau yalikufa yalipopigwa. Henri alichezea ordinateri yake ile ile iliyokwenda Sake na kurudi. Ili ashinde, wiki chache kabla ya fainali Umuhire alimletea zawadi: tapi, kijizulia cha kuwekea suri. Suri ndilo jina ambalo Goma imekipa kipanya cha kompyuta, na hatutabishana na Goma. Aliikata kutoka kwenye sateni ile nyekundu, akapinda kingo zake, akaitia wanga na kuipiga pasi mpaka ikakakamaa kama kola ya padri.

"Ilikufunika njiani," alisema. "Sasa ikushikilie mkono."

Henri alikaribia kulia. Kisha akaanza mazoezi, na suri ikaganda.

Iliganda katikati ya vita, zimwi likiwa mbele yake limefungua mdomo. Henri aliisukuma huku na huku. Alama kwenye skrini ilibaki imesimama kama askari kwenye gwaride. Zimwi likamla.

Hapo ulianza uchunguzi mkubwa. Henri alichomoa waya akauchomeka tundu jingine. Alipuliza vumbi jeusi la mawe ya volkeno, ambalo Goma linaingia hata kwenye mikate. Alisafisha jicho la suri kwa pombe na pamba. Alizima ordinateri, akaiwasha, akafuta programu, akaiweka tena. Umuhire mwenyewe alinunua suri mpya, ya buluu, nayo ikaganda kwa utiifu kama dada yake.

"Ondoa hii tapi," Luc akasema siku moja Umuhire alipokuwa ameondoka.

"Apana."

"Ondoa, bwana!" Luc akaivuta. Suri ikateleza juu ya ubao mkavu kama samaki ndani ya ziwa. Luc akairudisha juu ya sateni, ikaganda. "Umeona? Jicho la suri linatafuta kitu cha kushika, na hapa linakuta kung'aa tu. Sheri wako njo anakuua, kaka. Mwambie."

"Nimwambie zawadi yake ina ugonjwa? Luc, weye hujawahi kupendwa."

Kwa hekima hiyo Henri akabuni mpango. Umuhire asipokuwepo, tapi inakaa juu ya kabati. Akija, inarudi mezani. Mpango ulikuwa mzuri kama mipango yote ya watu wanaoficha kitu. Matokeo yake, Henri alishinda mji mzima Umuhire akiwa Mapendo, na alishindwa na watoto wa shule ya msingi Umuhire akiwa kiti cha pembeni.

"Nikikuja unashindwa," Umuhire alimwambia kwenye simu Ijumaa, sauti chini. "Niko na mikosi?"

"Apana, mupenzi wangu! Ni suri tu."

"Nilikununulia nyingine."

"Basi ni joto. Hata kesho, kwenye fainali, afadhali usikuje. Kutakuwa na joto sana."

"Goma, mwezi huu wa mvua, joto?"

"Ya watu wengi, sheri."

"Aya," akasema Umuhire, na neno hilo dogo lingemtisha mtu mwenye akili. Henri alilala vizuri.

Kesho yake chumba cha Luc kilijaa mpaka madirishani. Henri alikuwa moto. Mkono wake ulikimbia juu ya ubao, mazimwi yakaanguka safu kwa safu, watu wakapiga kelele. Hakuona mlango ulipofunguka. Umuhire aliingia amevaa gauni jipya la kitenge cha manjano, nywele zimesukwa upya, midomo imepakwa rangi. Alisimama, akatazama meza: tupu. Akatazama huku na huku. Juu ya kabati, sateni yake nyekundu ilikuwa imetandikwa vizuri, na juu yake Luc alikuwa ameweka sambusa zake na chupa ya Fanta. Mafuta yalikuwa yamechora mwezi mzima katikati.

"Kumbe," Umuhire akasema.

Henri aligeuka. Zimwi likamla, lakini safari hii hakulijali.

"Umuhire, ngoja, nitakueleza..."

"Sasa nimeelewa hiyo joto." Aliinua sambusa moja moja, akazipanga kichwani mwa Luc aliyeganda kama suri, akachukua sateni yake na kutoka. "Kesho musikuje. Mwambie muzee avue koti."

Henri aliacha fainali na umati, akakimbia nje. Pikipiki ilikuwa tayari imeshika njia ya Mapendo, gauni la manjano likipepea.

Alipiga simu mpaka sikio likawa jekundu. Mwishowe ikapokelewa, na Mama Donatille.

"Umuhire hayuko."

"Mama, nasikia analia hapo nyuma."

"Ni redio," akasema Mama Donatille, na kukata.

Jumapili asubuhi Papa Paul alivaa koti lake la kaki, akaweka kofia, akasimama mlangoni.

"Papa, walisema tusiende."

"Mimi nimelala kitanda kibaya sababu ya huyo bibi-arusi. Nyuma siwezi kwenda, waasi wamefunga. Basi nitaenda mbele. Inuka."

Henri akainuka. Akafikiri kidogo, kisha akafanya jambo ambalo hajawahi kulifanya mchumba yeyote wa Kivu: alifunga ordinateri mgongoni, skrini kifuani, nyaya shingoni, akatembea hivyo kutoka Murara hadi Mapendo, muzee akitangulia kama askofu.

Mama Donatille alifungua mlango, akatazama, akasahau maneno makali aliyoyaandaa.

"Munahamia hapa?"

"Mama, nipe meza na courant ya kuwasha hii. Halafu unifukuze."

Akaunganisha kila kitu sebuleni. Umuhire akatokea mlango wa ndani, macho yamevimba, sateni mkononi. Alikuwa ameifua na kuitia wanga tena, ingawa asingekiri kwa nini.

"Umeleta kucheza hata hapa?"

"Nimeleta kusema ukweli. Leta tapi."

Akaweka suri ya buluu juu ya sateni: imeganda. Akaiweka juu ya mbao: inakimbia. Sateni: imeganda. Mbao: inakimbia. Papa Paul alitikisa kichwa kukubali kila mara kama shahidi mahakamani.

"Haikuwa mikosi," Henri akasema. "Haikuwa joto. Inang'aa sana, njo maana jicho halioni. Nilijua, nikaogopa kukuambia. Nilitaka kuiweka mezani hata kama nashindwa."

"Na Luc alitaka kuiweka chini ya sambusa!"

"Luc ni Luc."

"Nilidhani mimi njo ninakuletea ubaya, Henri! Nililala na hiyo! Ungesema neno moja tu!" Akaikwapua sateni na kumrushia usoni. "Shika zawadi yako!"

Sateni ilimpiga pua, ikateleza kifuani, ikaanguka mezani kifudifudi. Henri, kwa kuwa mikono ya mchezaji haina adabu, akaweka suri juu yake.

Suri ikakimbia.

Wote wakainama. Henri akaisukuma kushoto, kulia, akazungusha. Haikuganda hata kidogo. Upande wa nyuma wa sateni, ule mfifu usiong'aa, ulikuwa unaishika vizuri kuliko mbao.

Umuhire akaweka mkono mdomoni. Mabega yakaanza kutetemeka, na Henri akaogopa, mpaka akasikia kwamba ni kicheko.

"Mimi fundi wa nguo," akasema, "nimeishonea upande wa kupendeza juu!"

"Nipishe nione," Mama Donatille akasema, akakaa kwenye kiti cha Henri. "Huyu mwenye meno anataka nini?"

"Anataka kukula, Mama. Bonyeza hapa."

Mama Donatille akabonyeza. Zimwi likafa. Papa Paul akavua kofia, akakohoa.

"Mama, sisi tumetoka mbali, tumekuja kwa heshima..."

"Ngoja kidogo, muzee, kuna mwingine."

"Mama, kijana wetu..."

"Nimesema kuna mwingine!"

Ndipo umeme ukakatika, jambo ambalo Goma hulitukana kila siku na siku hiyo lilikuja kama baraka. Skrini ikawa nyeusi. Mama Donatille akashusha pumzi, akageuza kiti, na Papa Paul hatimaye akatoa hotuba yake yote, na haikuwa fupi.

"Muulize mwenye sateni," Mama Donatille akajibu.

Umuhire alikuwa akinyoosha kingo za tapi kwa kucha.

"Kitu kikikwama, utaniambia mimi kwanza? Kabla ya Luc?"

"Weye kwanza."

"Hata kama ni mimi nimekikwamisha?"

"Zaidi hapo, sheri."

"Basi, Papa," akamwambia muzee, akipiga goti kidogo, "mimi nimekubali."

Akailaza tapi mezani kifudifudi. "Lakini angalia. Uzuri wote sasa unatazama meza. Nani atauona?"

"Mimi. Najua uzuri mahali uliko," Henri akasema.

Umeme uliporudi, wachumba walikuwa nje kwenye kibaraza cha mawe meusi, wakigombana kwa furaha kuhusu rangi ya gauni. Sebuleni Papa Paul alikuwa akimwonyesha Mama Donatille kwa kidole mahali zimwi lilipojificha.