Kidole Gumba cha Musyimi

Wazazi wenzangu wa Mbooni, na nyinyi watoto mlio ng'ambo mnaosoma haya kwenye simu, nipeni muda kidogo. Nataka niwaeleze yaliyompata Kasiva wa hapa Kikima. Jina la mtu sitalificha, maana mwenyewe ameniruhusu niseme.

Alasiri ile mvua ilikuwa inanyesha. Kasiva alikuwa ameketi kwenye stuli jikoni akichambua maharagwe, na alikuwa akitabasamu peke yake. Alikuwa anaisikia mvua! Ilipiga mabati, ikapungua, ikarudi tena kwa nguvu. Maharagwe yalichakarika kwenye ungo. Mlango wa jikoni ulilia alipoufungua, naye akaufunga, akaufungua tena, akacheka, kwa sababu hakuwa na habari kwamba mlango wake mwenyewe ulikuwa umeanza kulia.

Masikio ya Kasiva yalikuwa yamekufa polepole baada ya mwanawe wa pekee, Musyimi, kwenda Marekani. Mume alikuwa ameshazikwa. Kanisani alikaa benchi la mbele akitazama midomo ya kwaya. Kwenye mkutano wa akina mama alicheka wengine walipocheka, akanyamaza walipomaliza. Watu ni watu, jamani. Mwanzo walimpigia kelele sikioni, halafu wakachoka, na mwisho wakawa wanamsalimia kwa mkono tu na kupita. Nyumba yake ilikuwa na kila kitu alichokituma Musyimi: blanketi nzito, saa ya ukutani, birika la kupasha chai. Mtu wa kuzungumza naye hakuwemo.

Musyimi alikuwa amejiambia kwamba kumpigia mama asiyesikia ni kupoteza wakati. Kasiva kwa upande wake hakujua kuandika sana. Kwa hiyo alibonyeza simu, akaongea, akamtumia sauti yake. Alimwambia mbuzi wamezaa, mahindi yamekauka, mchungaji mpya ana mahubiri marefu. Alizungumza kila jioni kabla ya kuwasha jiko. Majibu yalikuja mafupi: mikono iliyofumbatana kama ya maombi, au kidole gumba kilichoinuliwa. Kasiva alikitazama kile kidole akafurahi. Alijua mtoto amesikia.

Hakuwa amesikia. Musyimi anafanya kazi ya kutunza wazee wa watu, anawalisha na kuwasikiliza hadithi zao, na akitoka kazini hana nguvu ya hadithi nyingine. Aliona jina la mama, akabonyeza kidole gumba, akalala. Simsemi kwa chuki. Wako wengi kama yeye, na wengine hawako hata mbali, wako Nairobi.

Lakini hata yeye moyo ulimsukuma. Madaktari waliokuja kupima masikio kanisani walimpa Kasiva majibu yake, nayo yakapigwa picha, yakatumwa. Musyimi akanunua vifaa vya masikio, viwili, vidogo, pamoja na chaja yake ya kuvilaza ndani. Vililetwa na mtu wa Mbooni aliyekuwa anarudi nyumbani. Pamoja navyo kulikuwa na ujumbe mfupi kwa mama yake, mwaitu kwa Kikamba: "Mwaitu, Jumapili baada ya kanisa nitakupigia kwa vidio. Mtoto atakusalimia kwa Kikamba. Anafanya mazoezi."

Huyo mtoto, binti wa Musyimi, anaitwa Kasiva, kama ilivyo desturi yetu, na susu wake, yaani bibi yake, hakuwa amewahi kuisikia sauti yake hata mara moja.

Vifaa vilikuja na umeme kidogo ndani. Ndio uliompa Kasiva ile alasiri ya mvua. Ilipofika jioni vikazima, na dunia ikafungwa tena. Ilibidi vichajiwe kabla ya Jumapili.

Sasa hapa ndipo nataka mnisikilize vizuri. Meno ya ile chaja yalikuwa mawili, bapa, hayaingii kwenye soketi zetu. Kathini, jirani yake, alijaribu ule ujanja wetu sote, wa kuchokoa tundu la juu kwa kifuniko cha kalamu ili soketi ifunguke. Yakakataa. Wakaenda sokoni kwa Wahome, anayeuza balbu na nyaya.

"Adapta iko," Wahome alisema, akaigeuza chaja mkononi. "Lakini mama, hii inabadilisha meno pekee. Moto wa Marekani si kama wetu. Kuna chaja zinakubali yote mbili na kuna zingine zinakataa. Hii maandishi yake yamefutika. Si mwulize kijana kwanza?"

Kathini akampigia Kasiva kelele sikioni: "Anasema uulize Musyimi!"

Wakauliza. Palepale mbele ya duka Kasiva aliinua simu na kusema kwa sauti ile kubwa ya watu wasiojisikia: "Musyimi, mwanangu. Hii chaja niichomeke kwa moto wa huku, ama nisichomeke? Mwenye duka anaogopa. Niambie neno moja tu."

Wakainunua adapta, na hawakuwa wamemaliza kupanda kilima kurudi nyumbani jibu likaingia. Kidole gumba.

"Amekubali!" Kasiva alisema, akamwonyesha Kathini simu.

"Basi kama mwenyewe amekubali," Kathini alisema.

Walifika, Kasiva akavipangusa vile vifaa kwa leso safi, akavilaza kwenye chaja, akachomeka adapta na kubonyeza swichi. Taa ya kijani iliwaka. Kasiva alipiga makofi. Kisha Kathini akasikia mlio, kama mafuta yanayokaangwa, akageuka. Kasiva hakusikia kitu. Aliendelea kuichekea ile taa mpaka alipoona moshi.

"Zima! Mama Musyimi, zima!"

Kathini ndiye aliyeruka akazima. Chaja ilikuwa imeyeyuka upande mmoja na vifaa vimeshikana nayo. Kasiva alivibandua kwa kisu, akavitia masikioni vikiwa bado vya moto, akangoja. Kathini alimwita kwa jina. Akamwita tena. Kasiva alimtazama midomo, halafu akakaa chini kwenye sakafu na kulia.

Umeme wetu ni volti mia mbili na arobaini. Wa Marekani ni mia moja na ishirini, nusu ya huu. Chaja iliyotengenezwa kwa ule peke yake ukiitia kwenye huu, unaiua, na kilichomo ndani nacho kinaweza kufa.

Jumapili ilifika. Kasiva alivaa rinda lake la kitenge, akakaa sebuleni, akavaa vile vifaa vilivyokufa. Ndiyo, alivivaa. Alikuwa ameona aibu kumwambia mwanawe kwamba ameharibu zawadi yake. Simu ikatetemeka mezani. Kwenye kioo akatokea Musyimi, amenenepa, na magotini pake msichana mwenye mashavu ya marehemu babu yake.

Midomo ya mtoto ikacheza. Kasiva akatikisa kichwa, akacheka. "Ndiyo, ndiyo, mama yangu. Sijambo kabisa!"

Mtoto akasema tena, taratibu zaidi. "Ndiyo!" Kasiva alisema. "Tumevuna maharagwe mengi!"

Mtoto alimtazama baba yake. Alisema tena mara ya mwisho, uso umenyong'onyea, kisha akateremka magotini akaondoka. Kasiva alibaki akiyatazama magoti ya Musyimi, mahali mtoto alipokuwa. Musyimi alikuwa anauliza kitu, mkono sikioni. Hapo Kasiva akashindwa kuendelea kuigiza. Aliinua ile chaja iliyoyeyuka mbele ya kamera.

"Ulisema nichomeke," alisema. "Nilikuuliza, ukasema nichomeke."

Musyimi mwenyewe alisimulia yaliyofuata, alipokuja Disemba. Alirudi nyuma kwenye simu akalitafuta lile swali, akalisikiliza. Chini yake kilikuwa kidole gumba chake. Akapanda juu, akasikiliza lililotangulia, na lililolitangulia hilo. Miaka ya jioni za mama yake ilikuwa humo, haijafunguliwa. Alizisikiliza zote, siku baada ya siku, garini na kazini na kitandani.

Alikuja peke yake, mtoto akiwa shuleni. Alileta vifaa vipya na chaja iliyoandikwa wazi kwamba inakubali umeme wa huku. Alimvalisha mama yake kwa mikono yake.

"Mwaitu," alisema.

Kasiva alishtuka. Alikuwa anangoja sauti ya kijana aliyeagana naye stendi, na hii ilikuwa sauti nzito, sauti ya mume wake. Alimshika mwanawe mashavu yote mawili.

"Siku ile mtoto alikuwa anasema nini?"

Musyimi aliinamisha kichwa. "Alikuwa anauliza, 'Susu, unanisikia?'"

Kasiva aliichukua simu yake, akamwonyesha.

"Na zile zangu za jioni?"

"Nimezisikiliza. Zote."

"Basi mimi nimeshaongea vya kutosha," Kasiva alisema, akamsogezea stuli karibu na jiko. "Sasa ongea wewe."

FUNZO

Kabla ya kuchomeka kifaa cha ng'ambo, soma kilichoandikwa kwenye chaja. Ikiandikwa 100 mpaka 240, chomeka bila wasiwasi. Ikiwa ni 110 au 120 peke yake, acha, au tumia transfoma ya kupunguza umeme. Adapta hubadilisha umbo la meno tu. Na kama maandishi hayasomeki, usichomeke.

Na wewe mtoto uliye mbali, mama yako akikutumia sauti, isikilize mpaka mwisho kabla ya kujibu. Blanketi, birika na vifaa vya masikio ni vizuri, lakini Kasiva alikuwa ameomba neno moja tu.