Kitufe cha Nne

Watu wa kompyuta wana tabia moja mbaya, acha niiseme mapema: kitu kikiwashinda kukitoa, wanakificha. Kisha wanakwenda kunywa chai.

Mama mmoja wa kazi hiyo, wenzake wa ofisini walimwita Fundi. Shuleni kwa mwanawe aliitwa Mama Kijogoo, maana mtoto yule aliamka kabla ya jua na kuimba mpaka majirani wakamkoma. Hakuwa na mtoto mwingine. Ndiyo maana kazi ile aliifanya kwa moyo wote: chekechea ya Kijogoo ilitaka skrini ya kubandika mlangoni, yenye picha ya kila mtoto na vitufe vitatu chini yake. Amefika. Amelala. Amechukuliwa. Mwalimu anabonyeza, mzazi anapata ujumbe kwenye simu, roho inatulia.

Skrini za siku hizi unazichora tu, kwa chombo kilichomo kwenye kompyuta. Unaburuta kitufe kwa kipanya, unakiweka unapotaka, na chombo chenyewe kinakuandikia msimbo, yale maagizo ambayo skrini inayafuata. Fundi alichora vitufe vitatu, akaagiza msimbo uandikwe, akaijaribu skrini. Vikatokea vinne.

Cha nne kilisema: Nimemchukua.

"Miwani, utani gani huu?" alimuuliza mwenzake wa meza ya pili.

"Utani na wewe, dada? Nina watoto mimi, bado nataka kuishi," Miwani alijibu, akaja kutazama. Kwenye mchoro vilikuwa vitatu. Kwenye msimbo, vinne.

Fundi akakifuta. Chombo kikaandika upya, kikarudi. Akatupa mchoro mzima, akachora mwingine kuanzia mwanzo, kikarudi. Akakiondoa chombo chenyewe kwenye kompyuta na kukiweka kipya, na kitufe kikarudi palepale, mara hii kimesogea karibu na picha ya Kijogoo aliyoitumia kwa majaribio. Kila msimbo ulipoandikwa, harufu ya nywele zinazoungua ilipita mezani. Walifungua kompyuta wakaipapasa, ilikuwa baridi.

"Umesikia?" Miwani alinong'ona.

Kipanya kilikuwa kimelala peke yake juu ya meza, mikono ya Fundi iko mapajani, na kilikuwa kinabonyezeka. Ka. Ka. Ka.

Hapo ndipo wangeipeleka kazi kwa bosi na kusema imetushinda. Lakini bosi alikuwa ameshawaahidi wenye shule, na aibu nayo ni mzigo. Miwani akaonyesha kwa kidole kwenye orodha ya vitufe, palipokuwa na alama ya vema kando ya neno Onekana. "Toa hiyo vema, dada. Kikae humo humo. Kisichoonekana hakimsumbui mtu."

Fundi akaitoa. Kitufe kikakubali. Kilichokataa kufutwa mara zote hizo kilikubali kufichwa bila ubishi, na kati yao hakuna aliyejiuliza kwa nini. Mficha maradhi, jamani, mnajua wenyewe.

Skrini ikabandikwa mlangoni, ikafanya kazi vizuri, watu wakapongezwa.

Alasiri moja Fundi alikwenda kumchukua mwanawe, akamkuta amesimama nje ya geti peke yake, mkoba mgongoni. Hakumkimbilia kama kawaida yake. Hakuimba. Fundi alikasirika, akapanga kesho amwambie Mwalimu maneno mazito, akamshika mtoto mkono wakaondoka. Mkono ulikuwa baridi.

"Unaumwa, baba?"

Mtoto akatikisa kichwa.

Walikuwa wameshapita mtaa wa mafundi seremala simu ilipolia. Alikuwa Mwalimu.

"Mama Kijogoo, unakuja saa ngapi? Wenzake wote wameondoka, amebaki wako tu, analia."

"Mwalimu, mwanangu ninaye hapa."

Mwalimu akasema kwa sauti ya chini sana, "Basi huyu niliyempakata ni nani?"

Na nyuma ya sauti ile Fundi akasikia kilio, kilio anachokijua tangu siku ya kwanza kiliposikika duniani, na harufu ya nywele zinazoungua ikapanda kutoka chini, kutoka pale mkono wake ulipoishia, na hakuthubutu kuinama kuangalia alichokuwa amekishika.

Akampigia Miwani. "Kifute," alinong'ona. "Kile kitufe. Kifute sasa hivi."

"Dada, mbona kinaonekana? Vema imejirudisha yenyewe."

"Kifute, nakuomba."

Vidole vya baridi vikamkaza. "Mama," kikasema kilichokuwa kando yake, taratibu, "mlinipa pa kukaa wenyewe."

"Kimefutika," alisema Miwani. "Safari hii hakirudi."

Kiganja cha Fundi kikabaki kitupu. Alipotazama hapakuwa na mtoto wala mkoba, njia nyeupe tu, na mama huyo akageuka akakimbia kama hajawahi kukimbia, akawapita mafundi seremala wakimshangaa, kiatu kimoja kikamtoka asigeuke, simu ikiwa bado sikioni na Miwani bado anaongea ndani yake, anaongea haraka sasa, anasema dada nisikilize, nimekifuta huku kwenye kompyuta yetu, lakini skrini ya shuleni ni ileile ya zamani, mpaka msimbo uandikwe upya na tukaupakie pale mlangoni, pale bado kipo, dada, unanisikia, pale bado kipo.

Simu ikatetemeka mkononi mwake. Ujumbe kutoka shuleni: picha ya Kijogoo, na chini yake neno moja. Nimemchukua.

Alifika getini akihema. Mwalimu alikuwa anafunga madirisha. Alipomwona akatabasamu, tabasamu la mtu aliyetua mzigo.

"Umesahau kitu, Mama Kijogoo?"

Fundi akampita, akachungulia ndani.

"Ulivyonitisha kwenye simu! Nilipokuona tu umeingia, nikasema alhamdulillahi. Na yeye alivyokurukia! Mmetoka hapa mnaimba." Akanyoosha mkono kwenye msumari nyuma ya mlango. "Ndiyo, kumbe ni huu. Ameacha mkoba wake."